Reli ya kisasa: Mnunuzi wa kiwanja Geita aulize kwanza karatasi imefika wapi

Na Mwandishi Wetu

DALALI wa viwanja hahitaji treni ili auze. Anahitaji habari ya treni. Ndiyo maana kila jina la reli ya kisasa linapotajwa karibu na Geita, mfanyabiashara wa Kalangalala mwenye akiba ya milioni kumi au kumi na tano hujikuta mbele ya uamuzi mgumu. Anunue ardhi sasa kabla bei haijapaa, au aiache fedha yake iendelee kuzunguka dukani kwenye sementi, mabati na vipuri vya karasha?

Ukurasa huu hauna ugomvi na reli. Treni ya umeme inayokimbia kilomita 160 kwa saa si hadithi tena nchini; abiria wanaipanda kati ya Dar es Salaam na Dodoma tangu mwaka 2024. Lakini bei ya ardhi hupanda kwa maneno, na bei ya mzigo hushuka kwa treni. Kati ya maneno na treni kuna miaka mingi ya karatasi, na katika miaka hiyo ndimo mitaji midogo inapozama.

Tuanze na ramani, kwa sababu inasahaulika haraka. Reli ya kisasa haipiti Geita. Kipande kilicho karibu ni cha Mwanza hadi Isaka, chenye urefu wa kilomita 341 ukijumlisha njia za kupishania, na njia kuu peke yake ni kilomita 249. Kinapita Misungwi na Shinyanga, upande wa mashariki, kikifuata kwa sehemu kubwa ushoroba wa reli ya zamani ambayo Waingereza waliifikisha Mwanza mwaka 1928. Mkataba wa kipande hicho ulitiwa saini ndani ya Mkoa wa Geita, mjini Chato, Januari 8, 2021, mbele ya Rais John Magufuli na Waziri wa Mambo ya Nje wa China, Wang Yi. Huenda hapo ndipo wengine walipochanganya mambo. Saini iliwekwa Geita, lakini mataruma yanalazwa kwingine.

Miaka ya mkataba na miaka ya kweli

Tazama sasa safari ya karatasi ya kipande hicho. Mwaka 2017 serikali ilitangaza zabuni za vipande vinne kutoka Morogoro hadi Mwanza. Kimoja tu, cha Morogoro hadi Makutupora, ndicho kilichopata mkandarasi mwaka huo. Mwanza–Isaka kilisubiri hadi 2021, kilipopewa kampuni mbili za China, CCECC na CRCC, kwa dola za Marekani bilioni 1.32, yaani zaidi ya shilingi trilioni 3. Juni 14, 2021, Rais Samia Suluhu Hassan aliweka jiwe la msingi pale Fela, wilayani Misungwi. Muda wa mkataba ulikuwa miezi 36. Mwaka 2024 ulipita na treni haikuonekana.

Msomaji asidhani hiki ni kituko cha kanda ya ziwa peke yake. Dar es Salaam–Morogoro, kipande cha kwanza kabisa, kiliwekewa jiwe la msingi Aprili 2017 kwa mkataba wa miezi 30. Abiria wa kwanza wa kulipa nauli alipanda Juni 14, 2024. Mizigo ilifuata mwaka 2025. Kwa hiyo kipimo tulicho nacho, tena cha hapa hapa nyumbani, kinasema hivi: miezi 30 ya mkataba iligeuka miaka saba ya abiria na miaka minane ya mzigo. Mfanyabiashara haishi kwa abiria. Ahesabu minane.

Kuna jambo la pili ambalo madalali hawalitaji, na kwa maoni yetu ndilo zito zaidi. Hata kama Mwanza–Isaka kingekamilika kesho asubuhi, kingekuwa kisiwa. Kutoka Makutupora hadi Tabora kuna kilomita 294 za njia kuu, ambazo mkataba wake ulitiwa saini Desemba 2021. Kutoka Tabora hadi Isaka kuna nyingine 130, zilizotiwa saini Julai 2022. Vipande hivyo viwili vilianza baadaye kuliko cha Mwanza, na bila wao kontena la Dar es Salaam halifiki Isaka kwa reli ya kisasa. Wala huwezi kulihamishia behewa la zamani likaendelea na safari ile ile, kwa kuwa reli ya zamani ina upana wa milimita 1,000 na mpya ina milimita 1,435. Mzigo lazima ushushwe na kupakiwa upya, na kila kushusha kuna kuli, kuna winchi, kuna kusubiri, na kuna gunia linalochanika.

Kwa hiyo anayefuatilia reli kwa ajili ya bei ya sementi Geita asiangalie kinachoendelea Misungwi. Aangalie Makutupora na Tabora.

Kilomita tisa zilizozuia 286

Wapo watakaosema ucheleweshaji ni ugonjwa wa nchi maskini. Mifano ya nje haisemi hivyo, hasa ya treni ya kasi kuliko zote, ile inayoelea juu ya njia yake kwa nguvu ya sumaku bila gurudumu kugusa chuma.

Wajapani ndio wameshika rekodi: Aprili 2015 treni yao ya sumaku ilifika kilomita 603 kwa saa katika majaribio. Serikali yao ilitoa idhini ya ujenzi wa njia ya Tokyo hadi Nagoya, kilomita 286, mwezi Oktoba 2014, na kampuni ya JR Central ikaahidi kuifungua mwaka 2027. Fedha ilikuwepo, mafundi walikuwepo, na mashine zilikuwa zimeshajaribiwa miaka mingi. Kilichokosekana ni kibali cha mkoa mmoja. Njia hiyo inapita Shizuoka kwa kilomita kama tisa tu, tena chini ya mlima, bila kituo. Gavana wa huko alikataa, akisema handaki litapunguza maji ya mto Oi ambao wakulima na miji ya bondeni wanautegemea. Machi 2024 kampuni ilikiri kwamba 2027 haiwezekani, na kwamba njia haitafunguliwa kabla ya 2034. Kilomita tisa zilizuia 286. Mwenye nyumba ya wageni Nagoya aliyekopa akitegemea wageni wa 2027 benki yake haikumpa miaka saba ya ziada.

Ujerumani, walikobuni treni ya aina hiyo iitwayo Transrapid, hali ilikuwa mbaya zaidi. Njia ya kutoka Munich mjini hadi uwanja wake wa ndege ilikadiriwa euro bilioni 1.85. Wakandarasi walipoleta bei zao za kweli, makadirio yakapita bilioni 3, na Machi 2008 mradi ukafutwa. Teknolojia hiyo hiyo iliuzwa Shanghai, ambako inabeba abiria wa uwanja wa ndege kwa kilomita 30 tangu 2004. Mpango wa kuirefusha hadi Hangzhou ulikwama baada ya wakazi kuandamana mwaka 2008.

Tunayataja haya kwa sababu ya neno moja linalotumika vibaya sana sokoni: "imepitishwa". Mradi hupitishwa mara nyingi. Upembuzi yakinifu ukikubaliwa, watu husema umepitishwa. Usanifu wa kina ukikamilika, umepitishwa tena. Cheti cha mazingira kinapotolewa baada ya NEMC kupitia tathmini, umepitishwa. Bajeti ikisomwa Dodoma, vivyo hivyo. Lakini hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoweka fedha kwenye akaunti ya mkandarasi. Kinachoweka ni mkataba wa mkopo uliotiwa saini na kuanza kutolewa, kama ule wa dola bilioni 1.46 ambao Standard Chartered iliuongoza Februari 2020 kwa ajili ya njia ya Dar es Salaam hadi Makutupora. Kabla ya hapo, anayenunua kiwanja ananunua matumaini, na matumaini hayana hati miliki.

Ushahidi wa karibu na Geita upo. Januari 2018 Rais Magufuli na Rais Paul Kagame wa Rwanda walikubaliana kujenga reli ya kisasa kutoka Isaka hadi Kigali, na jiwe la msingi likaahidiwa mwaka huo huo. Mwaka ukaisha bila jiwe. Wakati huo huo Burundi, ambayo haikuwa na kelele nyingi, ndiyo iliyopata mkataba wa ujenzi, Januari 2025, kwa njia ya Uvinza hadi Musongati. Aliyenunua ardhi njia ya Kahama kwa ajili ya treni ya Kigali anajua mwenyewe anachokilima pale.

Hesabu ya kiwanja

Tuchukue mfano wa mezani, si wa mtu yeyote. Mfanyabiashara ana shilingi milioni 15. Akiziacha dukani na kupata faida safi ya asilimia 3 kwa mwezi, anaingiza 450,000 kila mwezi, sawa na milioni 5.4 kwa mwaka. Kwa miaka saba, bila hata kuongeza faida kwenye mtaji, amepata milioni 37.8. Kiwanja alichokinunua kwa milioni 15 lazima kiuzwe kwa karibu milioni 53 baada ya miaka saba ili tu asiwe amepoteza. Hapo hatujahesabu kodi ya ardhi, mlinzi, na kesi ya mpaka na jirani. Viwanja vinavyopanda hivyo vipo, lakini kwa kawaida vimeshikwa na mtu aliyevipata zamani kwa bei ya shamba, si na aliyevinunua kwa bei ya dalali.

Kuna pia wanaonunua kwa makusudi mahali wanapodhani reli itapita, wakitaka fidia. Hawa wasome sheria kwanza. Sheria ya Utwaaji Ardhi ya 1967 inaelekeza thamani ihesabiwe kama ilivyokuwa notisi ilipotangazwa, bila kujali kilichojengwa baadaye. Vyumba vitatu vya haraka haraka vilivyoinuliwa baada ya notisi ni matofali ya bure. Na anayejenga ndani ya hifadhi ya reli ya zamani anasimama mahali dhaifu zaidi.

Kwa aliye halali kwenye eneo lake, hali ni tofauti, na hapa wafanyabiashara wengi wa kando ya njia hupoteza haki bila kujua. Kanuni za fidia za mwaka 2001 zinatambua thamani ya ardhi na majengo, posho ya usumbufu, posho ya usafiri, posho ya makazi ya miezi 36, na pia hasara ya faida ya biashara. Hii ya mwisho ni faida safi ya mwezi mara 36. Duka linaloingiza faida ya laki tano kwa mwezi lina hoja ya milioni 18 mbali na jengo. Lakini kanuni hizo hizo zinaruhusu ithibitishwe kwa mahesabu yaliyokaguliwa. Mwenye duka ambaye kwa miaka yote amemwonyesha mtu wa mapato kwamba hapati kitu, atamwonyesha nini mthamini? Kitabu cha mahesabu kilichofichwa kodi kikija huficha na fidia.

Muda nao una sheria yake. Chini ya Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016, uthamini wa fidia unaishi miaka miwili. Malipo yakichelewa zaidi ya miezi sita tangu kuidhinishwa, riba inaanza kuhesabiwa. Atakayewekewa alama ya rangi ukutani aandike tarehe, atunze nakala ya fomu ya uthamini yenye saini, na asikubali kuambiwa kwa mdomo tu.

Daraja limefika kabla ya treni

Wakati macho yote yako kwenye reli, kitu kilichobadilisha hesabu ya Geita kweli kweli ni daraja. Juni 19, 2025 Rais Samia alifungua Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, kilomita 3 juu ya Ziwa Victoria, lililogharimu zaidi ya shilingi bilioni 700. Jiwe lake la msingi liliwekwa Desemba 2019. Nalo lilichelewa, lakini lilikuwa na mambo ambayo uvumi hauna: fedha, mkandarasi, na nguzo zinazoonekana majini.

Kwa mfanyabiashara wa Kalangalala maana yake ni rahisi. Foleni ya kivuko imekwisha, na gari la samaki, nanasi au sementi linavuka usiku na mchana. Tena Kigongo iko wilaya ile ile ya Misungwi iliko Fela. Siku reli itakapofika Fela ikiwa imeunganika na Dar es Salaam, Geita itakuwa na mlango wa kuifikia bila kuwa na kituo chake. Mlango wa pili ni Isaka kupitia Kahama, lakini barabara ya Geita kwenda Kahama kwa upande wa Kakola ni ile ambayo lami yake imesubiriwa miaka mingi. Kati ya milango hiyo miwili, wa daraja ndio unaofanya kazi leo hata bila treni. Mwenye kutaka kuweka ghala angeanzia hapo, kwa kuwa ghala lake lingelipa pango kwa mzigo wa malori uliopo, na reli ikija iwe nyongeza.

Mwekezaji mdogo asiyetaka ardhi huuliza kama kuna hisa za reli. Hakuna. Shirika la Reli ni mali ya serikali na haliuzi hisa Soko la Hisa la Dar es Salaam. Reli inajengwa kwa bajeti na mikopo. Hatifungani ya miundombinu iliyopewa jina la Samia, ambayo benki ya CRDB iliiuza kuanzia mwishoni mwa 2024 kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka na kiwango cha chini cha shilingi 500,000, ilikuwa ya kuwawezesha makandarasi wa barabara za TARURA. Haikuwa ya treni. Yeyote atakayemletea msomaji "hisa za SGR" amwombe namba ya idhini ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, halafu asubiri aone kama atarudi.

Wanabaki wenye malori, ambao hofu yao ina msingi. Treni moja ya mizigo ya reli ya kisasa imesanifiwa kubeba hadi tani 10,000, ambazo ni malori zaidi ya 300 ya tani 30. Lakini kilichowaumiza wenzao wa Mombasa si uwezo wa treni. Reli ya Mombasa–Nairobi ilifunguliwa mwaka 2017, na malori yaliendelea kupata kazi hadi serikali ilipoanza kulazimisha makontena yapande treni. Mwaka 2019 mitaa ya Mombasa ilijaa maandamano, magereji yakakosa magari, na mama lishe wa kando ya barabara kuu wakakosa madereva wa kuwapikia. Amri hiyo ilikuja kuondolewa na Rais William Ruto Septemba 2022. Njia yenyewe ilisimama upande wa Naivasha mwaka 2019 kwa kukosa mkopo wa kuifikisha Kisumu, na waliokuwa wamenunua viwanja mbele ya pale iliposimama wakabaki navyo.

Kwa hiyo mwenye lori mjini Geita ana mambo mawili ya kufuatilia, na hakuna hata moja linalohusu kasi ya treni. La kwanza ni tozo ya mzigo kwa tani: mzigo ukienda kwa treni hadi Fela, kisha lori hadi Geita, jumla yake ikizidi bei ya lori la moja kwa moja kutoka Dar es Salaam, wateja hawatahama bila kulazimishwa. La pili ni kama kulazimishwa huko kutakuja. Anayekopa leo lori la masafa marefu kwa miaka mitatu au minne ana nafasi nzuri ya kumaliza deni kabla kontena la kwanza la reli ya kisasa halijashushwa Fela. Anayekopa kwa miaka saba aanze kuangalia bei ya magari ya tani kumi ya safari fupi, Fela hadi Kalangalala kupitia darajani.